Kosa la Kukaa

Haya hayakutokea kwetu, Mungu apishe mbali. Yalitokea katika nchi moja ya mbali sana ambayo haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, basi kosa ni la macho yake na ni vyema akapimwe. Mimi nasimulia tu kama nilivyosikia.

Nchi hiyo ilipenda kusimama. Ilikuwa na Sheria ya Kusimama, Namba Moja, iliyoagiza kwamba msafara wa kiongozi ukipita, au hakimu akiingia ama kutoka mahakamani, kila raia asimame wima, miguu pamoja, uso wa furaha. Aliyekuwa anakula alisimama na tonge shavuni. Aliyekuwa ananyolewa alisimama na kichwa nusu, na kinyozi naye akasimama na wembe hewani. Hata chooni watu walitakiwa kusimama, ingawa serikali, kwa ubinadamu wake, haikutuma mtu wa kuhakiki. Namba Mbili ya sheria hiyo haikuwahi kuandikwa, kwa sababu wajumbe walikaa miezi saba wakiandika Namba Moja na wote wakatoka na maumivu ya kiuno.

Viuno ndivyo vilivyoiponza nchi ile. Wananchi walisimama kwa ajili ya viongozi, na viongozi wakakaa kwa ajili ya wananchi. Walikaa kwenye mikutano, kwenye semina, kwenye warsha za kupanga semina, mpaka ikafika mahali Wizara nzima ya Afya, Ustawi na Mikutano inatembea imejishika mgongo. Wataalamu wa tiba ya viungo, wale ambao watu huwaita madaktari wa mazoezi, walikuwa tisa nchi nzima. Wanane waliyahudumia magoti ya Mkuu wa Nchi, wanne kwa kila goti. Wa tisa alikuwa bwana mmoja mpole aitwaye Anyitike, na yeye aliajiriwa kwa cheo cha Mtaalamu wa Jamii, azunguke nyumba kwa nyumba kuwanyoosha watu wazima waliopooza, waliovunjika na waliokakamaa. Siku aliporipoti kazini, Katibu wa Wizara alimweleza kwamba Wizara nayo ni jamii, tena jamii yenye maumivu makali, akampa chumba ghorofa ya pili. Miaka sita ikapita hajaonja vumbi la mtaa.

Watoto walau walikuwa na wafadhili wao, kwa kuwa mtoto akipigwa picha na magongo huwa anatazamika. Mtu mzima aliyepooza hapendezi kwenye bango. Basi akaachwa.

Katika Mtaa wa Kisima Kikavu aliishi Bi Nyamizi, mpiga pasi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza yake na pasi ya mkaa mkononi, asubuhi hadi alasiri, akinyoosha nguo za watu. Kazi ya pasi haifanywi kwa kukaa, alikuwa akisema. Ukikaa mkono unakosa uzito, na nguo inakujua. Alikuwa na alama yake: mkunjo wa mkono wa koti aliushusha ukiwa umenyooka, kisha akauachia vidole vitatu kabla ya kufika kifundoni, ukapotea taratibu. Hakuna aliyeweza kumwiga, na wengi walijaribu. Hata Waziri wa Afya mwenyewe alikuwa akimtuma dereva apeleke makoti huko.

Asubuhi moja, katikati ya shuka la mtu, mkono wa kushoto ulimfa ganzi, mguu ukafuata, na Bi Nyamizi akaanguka chini. Kiharusi. Shuka liliungua tundu la pasi. Hospitali ilimkalisha siku tisa, ikamruhusu na kipeperushi chenye picha ya mwanamume anayetabasamu huku akiinua mguu. Chini ya picha paliandikwa: "Fanya hivi mara kumi." Bi Nyamizi aliitazama sana ile picha. Mwanamume yule alikuwa na miguu miwili mizima, na mtu mwenye miguu miwili mizima hana shida ya kuambiwa mara kumi.

Tangu siku hiyo pasi ilikaa juu ya rafu ikaota kutu, na Waziri wa Afya alisikika bungeni akilalamika kwamba viwango vya pasi nchini vimeshuka na sababu haijulikani.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na chumba cha mazoezi. Kilikuwa kimezinduliwa mara tatu, kila mara kwa utepe mpya. Ndani mlikuwa na vyuma viwili sambamba vya mgonjwa kushikilia anapojifunza kutembea, vinang'aa, na wauguzi walivitumia kuanikia vyandarua. Mlangoni palibandikwa karatasi: "Mtaalamu yupo kazini." Na kweli alikuwa kazini. Alikuwa Wizarani.

Sikudhani, binti wa Bi Nyamizi, aliyekuwa akiishi na mama yake, alifunga safari mpaka Wizarani kumwombea mama huduma ya nyumbani. Karani alimpokea vizuri sana.

"Huduma ipo, dada yangu," alisema. "Ni kwa wale wasioweza kutembea. Mwambie mgonjwa aje mwenyewe hapa ghorofa ya pili tumthibitishe."

"Hawezi kutembea. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Sasa asipokuja tutajuaje kama hawezi?"

"Na akija?"

"Akija," karani alisema kwa furaha, "tutampongeza! Maana atakuwa amepona."

Sikudhani aliteremka zile ngazi akihesabu moja moja, zikafika thelathini na nane. Alilia kwenye kituo cha basi bila kujificha, watu wakimtazama. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba mambo yanashughulikiwa.

"Wamesema lini?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Karibuni, mama."

"Mimi sitaki makubwa, Siku. Nataka nisimame mbele ya meza yangu, nipige shati moja, moja tu, nilimalize. Halafu hata nikianguka tena, nianguke."

Miezi kumi na minne ilipita namna hiyo. Ndipo Waziri akaamua kukizindua tena kile chumba cha mazoezi, mara ya nne, kwa utepe wa zambarau.

Siku hiyo Sikudhani alikuwa amemtoa mama yake barazani apunge upepo, amemkalisha kwenye kiti cha mninga chenye mikono. Ving'ora vikasikika. Mtaa mzima ukasimama kama ulivyozoea: muuza mihogo, mafundi, kuku wenyewe wakanyoosha shingo. Bi Nyamizi alishika mkono wa kiti kwa mkono wake mmoja mzima, akajisukuma, akainuka kiasi cha upana wa kiganja, akarudi chini kwa kishindo. Alijaribu tena. Akarudi tena.

Gari jeusi lilisimama. Kioo kikashuka nusu, na kutoka ndani yakaonekana macho mawili ya Waziri yakiwa hayaamini. Katika miaka kumi na mmoja ya uongozi hakuwahi kumwona mtu aliyekaa, isipokuwa wenzake. Sajini Mabruki akatoka mbio kwenye gari la nyuma.

"Mama, simama."

"Mwanangu, ningeweza ningekuwa nimeshasimama zamani."

Sajini aliutazama ule mguu wa kushoto, umelala upande. Hakuwa mtu mbaya, na yeye mwenyewe alikuwa na goti linalomsumbua ngazini. Lakini kioo cha gari kilikuwa bado kiko nusu. Akatoa daftari, akaandika: "Mtuhumiwa alikaa kwa ukaidi, miguu ikiwa miwili."

Walimpeleka mahakamani mchana huohuo, askari wanne wakimbeba juu kwa juu na kiti chake, kama bibi harusi. Kiti kiliandikishwa kuwa Kielelezo A. Ikatakiwa kielelezo kiwekwe mezani na mshtakiwa asimame kizimbani. Askari walipomwinua Bi Nyamizi kutoka kwenye kielelezo aliwaangukia, wakamrudisha. Karani wa mahakama akaandika kwamba kielelezo kipo ila kimekaliwa.

Hakimu alikuwa mzee wa sheria, mtu asiyependa mzaha. Alisoma kanuni zake ukurasa kwa ukurasa.

"Mshtakiwa husomewa shtaka akiwa amesimama," alisema. "Huyu hajasimama. Kwa hiyo hawezi kusomewa shtaka."

"Basi niende nyumbani, mheshimiwa," alisema Bi Nyamizi.

"Anayekwenda nyumbani ni aliyesomewa shtaka akaachiwa. Wewe hujasomewa. Huwezi kuachiwa."

"Sasa nitakuwa wapi?"

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akafikiri mpaka feni ikaonekana kumsubiri. Mwisho akatoa uamuzi ambao bado unafundishwa katika vyuo vya nchi ile. Dola, alisema, haiwezi kushindwa kumshtaki mtu eti kwa sababu ya mguu. Kwa hiyo dola itahakikisha mshtakiwa anasimama, ili ajibu kwa nini hakusimama. Mtaalamu wa tiba ya viungo atafutwe popote alipo, apelekwe nyumbani kwa mshtakiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, chini ya ulinzi wa polisi, mpaka mshtakiwa aweze kusimama kizimbani kwa miguu yake.

Nyuma ya ukumbi Sikudhani alipiga kigelegele, akatolewa nje kwa utovu wa nidhamu.

Walimkuta Anyitike ghorofa ya pili, viwiko vimezama kwenye kiuno cha Mkurugenzi wa Sera. Mkurugenzi alipinga kwa sauti, lakini alikuwa kalala kifudifudi, na mtu aliyelala kifudifudi hana mamlaka makubwa. Askari walionyesha amri ya mahakama. Anyitike akanawa mikono, akachukua mfuko wake, akashuka ngazi. Wanasema alishuka mbilimbili.

"Mama," alimwambia Bi Nyamizi walipokutana, "nina miaka sita kazini. Wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza ambaye si mkurugenzi."

"Nikupe pole au hongera?"

"Nipe mguu."

Aliupokea mguu ule wa kushoto, akaukunja, akaukunjua, akauliza unapouma na usipouma, na Bi Nyamizi akaona aibu kwa machozi yaliyomtoka, kwa sababu miezi kumi na minne hakuna mtu aliyeugusa isipokuwa binti yake akimwogesha. Anyitike hakuwa na vifaa. Vifaa vilikuwa vinaanikiwa vyandarua. Akaangaza nyumba. Meza ya pasi ikawa ndiyo chuma cha kushikilia. Pasi yenyewe, baridi na yenye kutu, ikawa mzigo wa kunyanyua: kwanza kwa mikono miwili, mkono mzima ukiusaidia ule uliolala.

"Sogea mbele ya kiti. Miguu nyuma kidogo. Sasa inama, pua ivuke vidole vya miguu. Ukiona unataka kuanguka mbele, hapohapo ndipo pa kuinukia."

"Nikianguka kweli?"

"Utaniangukia mimi. Mimi mtumishi wa umma."

Sajini Mabruki aliyekuwa mlinzi alipewa kazi ya kurekodi. Siku ya kwanza aliandika: "Mtuhumiwa amesimama sekunde sifuri." Wiki ya tatu alikuwa amepiga magoti sakafuni, saa mkononi, kofia pembeni, anapiga kelele mtaa mzima unasikia: "Nne! Sekunde nne, Bi Nyamizi! Usinitupe, tafuta ya tano!" Na kila zoezi liliposhirikisha goti, sajini naye alilifanya kimyakimya kule pembeni.

Habari ikavuka ukuta. Upande wa pili aliishi Mzee Ndaro, fundi wa mapaa aliyeanguka kutoka juu ya paa la ofisi ya serikali akavunjika nyonga. Alikuwa kitandani mwaka wa pili, naye anacho kipeperushi kilekile cha mwanamume anayetabasamu.

"Jirani," aliita kupitia dirishani, "wewe ulifanya nini mpaka ukaletewa mtu?"

"Nilikaa."

"Ukakaa, halafu?"

"Basi. Nilikaa tu, msafara ukapita."

Mzee Ndaro aliinua kichwa kwenye mto. "Na mimi niliyelala?" aliuliza. "Kulala kuna kosa?"

Bi Nyamizi alimwuliza sajini. Sajini alipekua sheria, akasema kulala hakukutajwa, ni lazima mtu akae. Msafara uliofuata, wanawe wawili walimtoa Mzee Ndaro nje na kitanda chake, wakamwinua mgongo kwa mito minne ili kisheria ahesabike kakaa. Msafara ukapita. Alipoona daftari la sajini linatolewa, mzee wa watu aliinua mikono akamshukuru Mungu.

Hapo mtaa ukafunguka. Watu ambao majirani walikuwa wamewasahau, waliokuwa vyumba vya uani miaka na miaka, wakaanza kutolewa barazani kila ving'ora viliposikika. Mama aliyepooza baada ya kujifungua. Mwalimu aliyekakamaa bega. Dereva wa lori aliyepondeka miguu. Walikaa wamevalishwa nguo safi, wananukia udi. Sajini alipita akiwaandika, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, baada ya kuuliza jina aliuliza pia: "Unaumwa wapi?" Barobaro mmoja mzima wa afya alijikalisha naye ili akandwe mgongo bure. Sajini alimkaripia mbele za watu. "Wewe simama huko! Kosa hili lina wenyewe."

Washtakiwa wakafika ishirini na sita. Mahakama ilikuwa na upungufu wa majalada, kwa hiyo kesi zote za kukaa za mtaa ule zikawekwa ndani ya jalada la Bi Nyamizi, na amri ile ya mtaalamu ikawahusu wote. Karani wa mahakama alimweleza Sikudhani wazi kabisa: mama yako akisimama akasomewa shtaka, atapewa onyo, jalada litafungwa, na yote yaliyomo yatafungwa pamoja nalo. Amri ya mtaalamu itakuwa imekwisha.

Kule Wizarani hali ilikuwa mbaya. Kamati ya dharura ilikaa siku kumi na moja kuchunguza kwa nini usimamaji katika Mtaa wa Kisima Kikavu umeshuka hadi asilimia arobaini na moja. Ilihitimisha kwamba kukaa ni tabia iliyoletwa kutoka nje, ikapendekeza viti viandikishwe kama silaha. Lakini wajumbe hawakuweza kuinuka kwenda kuwasilisha ripoti, kwa sababu Anyitike hakuwepo. Iliwasilishwa kwa simu. Waziri mwenyewe alikuwa anatembea amepinda kama anatafuta kitu alichoangusha.

"Huyo mwanamke amepona," alisema. "Nimeambiwa anasimama. Apelekwe mahakamani asimame, tuyamalize, nirudishiwe mtu wangu."

Na ni kweli, Bi Nyamizi alikuwa anasimama. Siku moja kabla ya kesi aliomba pasi itiwe mkaa. Sikudhani alifunga pazia. Bi Nyamizi aliinuka kwenye Kielelezo A, pua mbele ya vidole, akashika meza, akaiachia. Sajini alivua shati lake la sare, akabaki na fulana, akalitandika juu ya meza mwenyewe. Mkono wa kushoto ulilishika shati, dhaifu, lakini ulilishika. Mkono wa kulia ukaenda. Alipiga kola, akapiga mgongo, akapiga mikono, akashusha mkunjo, akauachia vidole vitatu kabla ya kifundo. Alipomaliza alilitundika, na sajini akaandika katika daftari: "Dakika ishirini na saba."

Anyitike aligeukia ukutani. Sikudhani alilia, na safari hii alilia kwa raha.

Furaha ya Bi Nyamizi ilidumu mpaka aliposikia, ng'ambo ya ukuta, kishindo cha magongo ya Mzee Ndaro: ko, ko, kisha pumziko refu. Mzee alikuwa amefika hatua tano. Anyitike alikuwa amesema akipata miezi sita zaidi atafika sokoni.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Waziri alikuja mwenyewe, akakalishwa mbele kwa uangalifu na watu wawili, ashuhudie. Washtakiwa ishirini na watano waliletwa kwa mikokoteni, kwa migongo ya ndugu zao, kwa magongo. Bi Nyamizi aliletwa juu ya kielelezo.

"Mahakamaaa!" Waliojiweza wakasimama, Waziri akiinuliwa kwa makwapa, wakakaa.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "simama."

Bi Nyamizi alikuwa ameiota siku hiyo miezi kumi na minne na zaidi. Alikuwa ameota anasimama mbele za watu, hasa mbele ya huyo bwana wa kioo nusu, wima, na uso usio wa furaha hata kidogo. Miguu yake yenyewe ilitaka. Aliusikia mguu wa kushoto ukijirudisha nyuma kidogo kama ulivyofundishwa. Akatazama pembeni, akamwona Mzee Ndaro anamwangalia, na macho yake hayakumwomba kitu. Hilo ndilo lililommaliza.

Alilaza mikono yake miwili mapajani.

"Siwezi, mheshimiwa."

Minong'ono ikavuma. Waziri alifoka kwamba ni uongo, mwanamke huyo anasimama, aulizwe mtaalamu. Hakimu akamgeukia Anyitike.

"Mtaalamu. Anaweza, hawezi?"

Anyitike alimtazama Waziri, akakiona kile kiuno, akaiona ghorofa ya pili na ngazi zake zote. Alikohoa.

"Bado, mheshimiwa. Mguu huu ni mgumu. Sijawahi kuona mguu wenye ukaidi kama huu."

"Polisi wanasemaje? Soma kumbukumbu."

Sajini Mabruki alisimama na shati lake lililonyooka kuliko mashati yote ukumbini. Akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akausoma moyoni, akarudisha kurasa nyuma, nyuma, mpaka wiki ya tatu.

"Sekunde nne, mheshimiwa."

"Hazitoshi hata kusomea jina," alisema hakimu kwa uchungu wa kisheria. "Mtaalamu aendelee miezi sita, na baada ya hapo mahakama itaangalia tena. Nasema mbele yenu nyote: hata ikichukua maisha yake yote, dola haitachoka kumsimamisha mwanamke huyu!"

Washtakiwa waliipokea hukumu hiyo kali kwa vifijo. Hakimu akainuka kutoka. "Mahakamaaa!" Wazima wakasimama. Wagonjwa wakajaribu, kila mmoja alivyoweza. Waziri, aliyekuwa anataka kuinuka haraka kuliko wote ili apinge, alijirusha mbele bila kushikwa, kitu kikalia ka! ndani ya kiuno chake, akabaki palepale. Wasaidizi wakamvuta. Akapiga ukelele wakamwachia. Hakimu akapita mbele yake, akamtupia jicho, akatoka. Waziri alikuwa amekaa.

Sajini Mabruki akasogea taratibu, goti lake halimsumbui tena.

"Mheshimiwa, simama."

"Mpumbavu wewe," Waziri alisema, jasho linamtiririka, "ningeweza ningekuwa nimeshasimama zamani."

Sajini akafungua daftari. "Mtuhumiwa alikaa kwa ukaidi," aliandika huku akitamka, "miguu ikiwa miwili." Waziri alifungua mdomo amfukuze kazi papo hapo. Kisha akaufunga. Akatazama huku na huku, akamwashiria sajini ainame.

"Huyo mtaalamu," alinong'ona, "anakuja siku zipi?"

"Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Andika, Sajini. Andika vizuri."

"Unaumwa wapi?"

Jumatatu iliyofuata, gari jeusi lilifika Mtaa wa Kisima Kikavu bila ving'ora. Waziri alikalishwa kwenye benchi la uani kwa Bi Nyamizi, namba ishirini na saba, nyuma ya dereva wa lori. Alieleza kwamba ana mkutano. Mzee Ndaro alimweleza, kwa heshima zote, kwamba yeye mkutano wake aliusubiri kitandani hadi mwaka wa pili, na bado haujaanza. Kulikuwa na joto. Waziri akavua koti lake, limekunjamana kwa safari, na Sikudhani, aliyelelewa kutoacha koti la mgeni likiwa hivyo, akalipokea akaingia nalo ndani.

Pazia lilikuwa limefungwa. Harufu ya mkaa na maji yanayonyunyizwa juu ya kitambaa ilitoka mpaka uani, na kishindo kidogo cha pasi inayowekwa na kuinuliwa. Benchi zima lilianza kuzungumza kwa pamoja, kuhusu mvua, kuhusu bei ya mihogo, kwa sauti ya juu.

Baada ya muda Sikudhani alirudi na koti. Waziri akalinyoosha magotini. Kidole chake kilipita juu ya mkono wa koti, kikaufuata mkunjo uliokwenda umenyooka, halafu vidole vitatu kabla ya kifundo ukapotea taratibu. Kidole kikasimama hapo. Alikuwa ameutafuta mkunjo ule nchi nzima kwa mwaka mmoja na zaidi, na alijua vizuri kwamba haupigwi na mtu aliyekaa. Aliinua macho akalitazama pazia. Akaangalia lile benchi, watu wote wamenyamaza ghafla, wanamtazama yeye. Akalikumbuka jalada, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani yake: likisomwa mahakamani, na jina la Waziri aliyekaa litasomwa.

Waziri alilivaa koti lake, akafunga vifungo vyote licha ya joto lile, akauliza kama mihogo imepanda kweli, akasubiri zamu yake.